Aliyelewa ni Msikilizaji: LSD na Muziki wa Miaka ya 60

Usiku wa tarehe 21 Machi 1967, katika studio za EMI barabara ya Abbey Road, London, John Lennon aliacha kuimba, akasema hajisikii vizuri. Yeye na bendi yake ya Kiingereza, The Beatles, walikuwa wanaingiza sauti za kuitikia kwenye wimbo "Getting Better". Prodyuza wao, George Martin, mtu wa tai na adabu za kizamani, alidhani kijana anahitaji hewa tu. Akampandisha juu ya paa, akamwacha pale aangalie nyota. Kule chini, Paul McCartney na George Harrison waliposikia mwenzao yuko juu ya paa walitoka mbio. Wao walijua jambo ambalo Martin hakulijua: Lennon alikosea kidonge. Alitaka cha kumchangamsha, akameza LSD, dawa ya kuleta maruweruwe, na paa lile halikuwa na ukingo wa maana. Wakamshusha. Kazi yake usiku ule ikaishia hapo.

Kisa hiki husimuliwa kama kichekesho. Mimi nakichukua kama ushahidi. Albamu waliyokuwa wanairekodi ni Sgt. Pepper's Lonely Hearts Club Band, ambayo kwa zaidi ya nusu karne imetajwa kuwa kilele cha muziki uliozaliwa na LSD, au "asidi" kama walivyoiita vijana wa wakati ule. Na usiku asidi ilipoingia studio yenyewe, kazi ya Lennon ililala.

Habari tunayoizoea inakwenda hivi: wanamuziki walimeza dawa, wakaona maruweruwe, wakashika magitaa, na dunia ikasikia kile walichokiona. Hoja hiyo ina ndugu yake huku kwetu, na aliyewahi kukaa kwenye studio ya mtaani ameshaisikia: bila bangi hakuna mistari. Ni hoja nyepesi kubeba, ndiyo maana inafika mbali. Lakini ukiifuata historia hatua kwa hatua unakuta asidi haikumfundisha mtu kupiga gitaa. Ilichokigeuza ni sikio. Ilileta msikilizaji wa aina mpya, mwenye subira ya ajabu kwa sauti moja inayojirudia, na muziki ukaanza kumkimbilia yeye.

Dawa yenyewe haikutoka kwa wahuni. Albert Hofmann, mkemia wa kampuni ya Sandoz mjini Basel, Uswisi, aliitengeneza mwaka 1938 kutokana na ergoti, kuvu inayoota kwenye masuke ya nafaka iitwayo rai. Alikuwa anatafuta dawa ya kuchangamsha mzunguko wa damu na upumuaji. Haikuonyesha la maana, ikawekwa kando. Aprili 1943 aliirudia, chembe zake zikamwingia mwilini kwa bahati mbaya, na siku tatu baadaye, tarehe 19, akaamua kuijaribu kwa kusudi. Alipima mikrogramu 250, robo ya miligramu, akiamini ni kiasi cha woga kabisa. Kumbe kilikuwa kingi. Kwa kuwa wakati wa vita magari yalibanwa, alirudi nyumbani kwa baiskeli, msaidizi wake akimsindikiza, huku dunia ikijikunja mbele ya macho yake. Mpaka leo wapo wanaoiadhimisha tarehe hiyo kama siku ya baiskeli.

Kwa miaka mingi baada ya hapo LSD ilikaa mikononi mwa madaktari na watafiti. Daktari wa akili Mwingereza, Humphry Osmond, aliyekuwa akifanya kazi Saskatchewan nchini Kanada, ndiye aliyelibuni jina ambalo sisi tungelitamka "saikedeliki". Alilibuni mwaka 1956 katika barua alizoandikiana na mwandishi Aldous Huxley, akiunganisha maneno mawili ya Kigiriki, la nafsi na la kudhihirisha. Dawa zinazoidhihirisha nafsi: jina zuri kuliko tabia ya mwenye jina, lakini ndilo lililoshika.

Basi inafanya nini hasa kwa anayesikiliza muziki? LSD hujishikiza kwenye vipokezi vya serotonini, kemikali inayopeleka ujumbe kati ya seli, vilivyomo ubongoni, hasa aina iitwayo 5-HT2A. Mwaka 2017 watafiti wa Zurich walichapisha jaribio ambalo kwangu linaeleza zaidi ya vitabu vingi vya wasifu wa wanamuziki. Waliwasikilizisha watu nyimbo zenye maana kubwa katika maisha yao, na nyingine zisizowahusu wala kuwagusa. Wakiwa wamepewa LSD, nyimbo zile zisizo na maana nazo zikaanza kuwa na uzito. Walipotangulizwa dawa iitwayo ketanserini, ambayo huviziba vipokezi vile, athari hiyo ikatoweka. Kwa maneno mengine, asidi haiuongezei wimbo kitu. Inampa anayeusikiliza hisia kwamba kila sauti ina jambo zito la kumwambia, yeye binafsi, sasa hivi.

Msomaji aliyekulia pwani, karibu na zikri au ngoma za pepo, hahitaji kusafiri hadi Zurich ili aamini kwamba mrudio wa sauti unaweza kumchukua mtu mbali. Kule hakuna kidonge. Ngoma yenyewe, urefu wake na watu walioizunguka ndio wanaofanya kazi hiyo, na anayeitikia ameandaliwa na mila tangu utotoni. California walitaka kumtengeneza msikilizaji wa namna hiyo kwa jioni moja.

Na karibu wafanikiwe. Karibu na mwaka 1960 kijana mwandishi aitwaye Ken Kesey alijitolea kwenye majaribio ya dawa katika hospitali ya wanajeshi wastaafu huko Menlo Park, kusini mwa San Francisco. Baadaye sana ilikuja kufahamika kwamba majaribio ya aina hiyo yaligharimiwa na CIA, shirika la ujasusi la Marekani, chini ya mradi wa MKUltra, uliotafuta namna ya kuziteka akili za watu. Serikali ilitaka silaha, Kesey akatoka na shughuli. Kuanzia mwisho wa 1965 yeye na kundi lake waliandaa mikesha waliyoiita majaribio ya asidi: ukumbi, taa za rangi, sinema ukutani, maikrofoni zilizotegwa huku na huku, na kinywaji kilichotiwa LSD, ambayo wakati huo ilikuwa bado halali. Kwenye kona kulikuwa na bendi changa iliyokuwa imetoka tu kujiita Grateful Dead.

Bendi hiyo haikupiga kwa ajili ya watu waliokaa kwenye viti wakisubiri wimbo uishe ili wapige makofi. Aliyekuwa mbele yao alikuwa anaweza kuusikiliza mwangwi wa gitaa dakika nzima kana kwamba ni barua ya siri. Kwa mtu kama huyo, wimbo wa dakika tatu unaisha kabla haujaanza. Tazama "Dark Star": sahani ndogo waliyoitoa mwaka 1968 haifiki hata dakika tatu. Toleo la jukwaani lililomo kwenye albamu ya Live/Dead ya 1969 linapita dakika 23. Wimbo ni ule ule, lakini wa pili umepigwa kwa ajili ya sikio jingine.

Kuna mtu mmoja anayeiunganisha hadithi hii vizuri kuliko mwanamuziki yeyote. Owsley Stanley ndiye aliyekuwa akipika asidi nyingi ya San Francisco. Huyo huyo ndiye aliyekuwa fundi wa sauti wa Grateful Dead. Aliyewatilia watu dawa ndiye aliyewapangia spika, na alikuwa na wazimu wa usafi wa sauti: alirekodi maonyesho kwa utepe ili ayasikilize upya na kurekebisha, na kazi aliyoianzisha ikafika mwaka 1974 kwenye ukuta wa spika uliorundikwa nyuma ya bendi kama ghorofa. Mafundi wanaopanga mitambo ya matamasha leo wanatembea kwenye njia iliyochimbwa na mpishi wa asidi. Sijui kama wote wangependa kuambiwa hivyo.

Redio nayo ilifuata. Aprili 1967 mtangazaji Tom Donahue alianza kwenye kituo cha KMPX cha San Francisco, katika masafa ya FM ambayo wafanyabiashara walikuwa bado hawayathamini, kupiga nyimbo ndefu na albamu nzima badala ya orodha ya nyimbo zinazovuma. Kampuni za santuri zikaona: kumbe yupo anayenunua albamu na kukaa nayo chumbani, taa zimezimwa, hedifoni masikioni. Wengi wa wanunuzi hao hawakuwahi kuiona asidi. Walijifunza usikilizaji wake tu, kama mtu anayejifunza lahaja ya mji ambao hajafika.

Turudi Abbey Road, mwaka mmoja kabla ya kisa cha paa, maana hapa ndipo penye utamu. Mwanzoni mwa 1965, kwenye chakula cha jioni, daktari wa meno mmoja wa London aliwatilia Lennon na Harrison LSD kwenye kahawa bila kuwaambia. Hicho ndicho kionjo chao cha kwanza, na ni tendo ambalo leo lingempeleka mtu mahakamani. Tarehe 6 Aprili 1966 bendi ilianza kurekodi albamu ya Revolver, na wimbo wa kwanza kushughulikiwa ni ule ulioishia kuwa wa mwisho kwenye sahani: "Tomorrow Never Knows". Lennon aliuchota kwenye kitabu cha mwongozo wa asidi kilichoandikwa na mwanasaikolojia wa Marekani, Timothy Leary, na wenzake, waliokuwa wamekigeuza kutoka kitabu cha wafu cha Watibeti. Wimbo mzima umekaa juu ya noti moja, C, hauhami. Lennon akamwambia Martin anataka sauti yake isikike kama Dalai Lama anayeimba kutoka kilele cha mlima.

Hilo ndilo asidi ililoleta: agizo. Agizo zuri, la kichaa, lisilo na maelekezo. Namna ya kulitimiza haikuwamo kwenye kidonge. Ilikuwa kwa mafundi.

Fundi mitambo alikuwa Geoff Emerick, mwenye umri wa miaka 20, katika moja ya siku zake za mwanzo kwenye kiti kile. Alichukua spika ya kinanda cha Hammond iitwayo Leslie, ambayo ndani yake pembe ya sauti huzunguka kama feni, akaifungua nyaya na kuipitishia sauti ya Lennon. Ikatoka inayumba, kama ya mtu anayeongea kutoka upande wa pili wa bonde. Lennon alifurahi mno, akauliza kama haiwezekani wamfunge kamba, wamning'inize darini na wamsukume azunguke maikrofoni. Kwenye ngoma, Emerick alisogeza maikrofoni karibu kuliko kanuni za EMI zilivyoruhusu, akaisokomeza sweta ya sufu ndani ya ngoma kubwa ili mlio uwe mfupi na mzito. Ukisikiliza dramu ya wimbo ule leo, unachokisikia ni sweta.

Kisha vikaja vitanzi. McCartney, aliyechelewa kuliko wenzake kuikubali asidi, alikuwa akichezea utepe nyumbani kwake kwa kuvutiwa na watunzi wa Ulaya kama Karlheinz Stockhausen. Aligundua kwamba ukikitoa kichwa kinachofuta sauti kwenye mashine, kila mzunguko wa utepe unarundika sauti juu ya sauti. Alileta studio vipande vya utepe vilivyounganishwa ncha kwa ncha kuwa vitanzi, na vitano vikachaguliwa. Kile kinacholia kama ndege wa baharini ni kicheko cha McCartney mwenyewe kilichoharakishwa. Mashine hazikutosha kwenye chumba kimoja, zikatawanywa kwenye vyumba tofauti vya jengo, na kwenye kila mashine kukasimama mfanyakazi ameshika penseli, utepe umepita juu yake ili ukazike. Watu wa makoti meupe, wenye akili timamu, kila mmoja na penseli yake. Martin na Emerick wakawa wanapandisha na kushusha sauti za vitanzi kwenye mitambo, moja kwa moja, bila uwezekano wa kurudia vile vile. Picha hiyo ya penseli ndiyo ninayoikumbuka kila nikiambiwa kwamba dawa ndiyo iliyotengeneza muziki ule.

Walikuwa pia na sababu isiyohusu dawa kabisa. Ziara zilikuwa zimewachosha, na Agosti 1966, mwezi ule ule Revolver ilipotoka, waliziacha. Mayowe ya mashabiki yalikuwa yamefika mahali ambapo wao wenyewe hawakuzisikia sauti zao jukwaani. Wimbo usiohitaji kupigwa mbele ya watu unaweza kutengenezwa kwa vitanzi, na kwa gitaa lililorekodiwa kinyumenyume kama lile la "I'm Only Sleeping". Ongeza muda: bendi yenye mauzo kama yao haikuulizwa bei ya kila saa ya studio. Vijana wengine wengi walimeza LSD mwaka ule. Waliokuwa na Abbey Road mikononi walikuwa wachache.

Na mlio wa tambura, ala ya nyuzi ya Kihindi, unaovuma chini ya "Tomorrow Never Knows" una wenyewe. Muziki wa Kihindi ulikuwa na subira ya sauti moja karne nyingi kabla Hofmann hajapanda baiskeli. Harrison alikwenda kujifunza sitari kwa Ravi Shankar, na Shankar akajikuta kipenzi cha vijana waliofika kwenye maonyesho yake wamelewa. Hakulifurahia hilo, na alilisema tena na tena: muziki wake ni ibada na nidhamu, hauhitaji moshi. Kwenye tamasha la Monterey, Juni 1967, aliumia kumwona mpiga gitaa Jimi Hendrix akilichoma moto gitaa lake jukwaani. Katika mila yake ala husujudiwa. Nadhani ndiye shahidi bora tuliye naye: mtu aliyekuwa na kile ambacho asidi iliahidi, na ambaye alikifikia kwa kukaa miaka chini ya mwalimu.

Kwenye mabango, mambo yalikwenda vivyo hivyo. Herufi zile zinazoyeyuka za matangazo ya ukumbi wa muziki wa Fillmore, San Francisco, ambazo Wes Wilson alizichora hadi hazisomeki mtu akiwa na haraka, zimechotwa kwa wachoraji wa Vienna wa mwanzoni mwa karne ya 20. Victor Moscoso, ambaye mabango yake yanayatetemesha macho, alisoma nadharia ya rangi Chuo Kikuu cha Yale kwa Josef Albers. Rangi mbili zenye nguvu sawa zikigusana, ukingo wake huonekana kama unacheza. Hilo ni somo la darasani.

Gharama zilikuwepo, na hazikulipwa na waliofaidi. Mwaka 1957 jarida la Life la Marekani lilichapisha makala ya mfanyabenki R. Gordon Wasson kuhusu uyoga wa maruweruwe aliolishwa na mganga wa Kimazateki, María Sabina, katika milima ya Oaxaca, Mexico. Kwa María Sabina uyoga ulikuwa wa kutibu wagonjwa, na wimbo ndiyo tiba yenyewe: aliimba usiku kucha, na ilirekodiwa sahani ya nyimbo zake. Wasson alimficha kwa jina jingine, lakini haikusaidia. Katika miaka ya 60 vijana wa Marekani walimiminika kijijini kutafuta burudani, polisi wakawafuata, na wanakijiji wakamlaumu yeye. Nyumba yake ilichomwa moto. Alikufa maskini mwaka 1985.

Upande wa wanamuziki, jina linalotajwa kila mara ni Syd Barrett, mwanzilishi wa Pink Floyd, aliyetoka kwenye bendi mwaka 1968 akiwa hajimudu tena. LSD ilichangia, lakini kusema ndiyo peke yake iliyomwangusha ni kuurahisisha mno ugonjwa wa akili. Juni 1975 wenzake walikuwa Abbey Road wakikamilisha wimbo waliomtungia yeye, "Shine On You Crazy Diamond", mara akaingia mtu mnene aliyenyoa kichwa na nyusi zote. Ilichukua muda mpaka mmoja wao alipotambua kwamba ni Syd.

Kufikia wakati huo sheria ilikuwa imeshapita. California ilipiga marufuku LSD Oktoba 1966, na mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1971 ukaifungia karibu dunia nzima. Sauti haikufungwa. Detroit, prodyuza Norman Whitfield aliitia kwenye nyimbo za The Temptations kuanzia "Cloud Nine" ya 1968. Funkadelic ya George Clinton iliibeba hadi kwenye jina lake. Brazil, Os Mutantes waliipiga chini ya utawala wa kijeshi.

Na Zambia, ambako ndiko ningempeleka yeyote anayeshikilia kwamba muziki huu hauwezekani bila dawa yake. Mwanzoni mwa miaka ya 70, wakati shaba bado ina bei, vijana wa Lusaka na miji ya migodi walisikia Hendrix na wenzake kwenye redio na santuri. Rais Kenneth Kaunda akaagiza redio ipige asilimia 95 ya muziki wa nyumbani, pengo likawa kubwa, na bendi kama WITCH, Amanaz na Ngozi Family zikaliziba kwa magitaa yenye mlio wa kukwaruza, mwangwi mrefu na midundo ya kwao. Wenyewe wakauita Zamrock. Musi-O-Tunya, kundi la Rikki Ililonga, walihamia Nairobi na kurekodi huko. Kilichovuka bahari kuwafikia vijana hawa kilikuwa duara jeusi la plastiki na waya wa gitaa. Ile subira ya kusikiliza ilikuwa imeshakandwa humo ndani. Shaba ilipoanguka bei, muziki ulianguka nayo. UKIMWI ukawamaliza wengi wa wanachama wa WITCH. Mwimbaji wao, Emmanuel Chanda, aliyejulikana kama Jagari, akawa mchimbaji wa vito, hadi wakusanyaji wa santuri wa Ulaya na Marekani walipomtafuta na kumrudisha jukwaani, umri ukiwa umekwenda.

Kuna mtu wa Abbey Road sijamtaja bado. Ken Townsend alikuwa fundi wa EMI mwaka 1966. Lennon alipenda sauti yake isikike kama ya watu wawili, lakini alichukia kuimba wimbo mara mbili. Townsend akaunganisha mashine mbili za utepe ili nakala ya sauti ichelewe kidogo sana nyuma ya yenyewe, na uvivu wa Lennon ukapata tiba. Mlio ule unaoelea, ambao wasikilizaji waliutafsiri kuwa ni nafsi ikitengana na mwili, ulikuwa ufumbuzi wa mtu aliyechoka kukesha kazini. Leo umo kwenye programu za kurekodi, na prodyuza wa Sinza au Eastleigh anauweka kwa kubofya mara moja, chai ikiwa mkono wa pili.